Kiungulia hakisikii dawa, kamera inasema uko safi: tuongee kuhusu kipimo cha impidansi

#1 Mwalimu wa Kihesa

Kamwene wakuu. Na ndugu zangu wa upande wa Rungwe, ugonile.

Uzi huu ni wa wenye kiungulia kisichosikia dawa. Kifua kinawaka, maji machungu yanapanda mpaka kooni, umeshapewa omeprazoli, ukabadilishiwa esomeprazoli, ukamaliza dozi ya bakteria wa H. pylori, ukapigwa kamera ile ya kuingizwa mdomoni, na majibu yakarudi umio (njia ya chakula kutoka kooni mpaka tumboni) safi, tumbo safi. Jioni ukila tu, moto ni ule ule. Mtu wa namna hiyo huku kwetu anaambiwa ana vidonda vya tumbo hata kama kamera haikuona kidonda. Anaambiwa aache maharage, aache chai, aache pilipili, na akirudi mara ya tatu anaambiwa apunguze mawazo. Nimepita njia hiyo yote na najua inavyomkatisha mtu tamaa.

Nilichokuja kuelewa ni hiki: kamera inaona ngozi ya umio ilivyo saa ile umelala kitandani tumbo likiwa tupu. Haioni kinachopanda saa tatu usiku baada ya ugali. Na watu wengi wenye kiungulia cha kweli hawana mchubuko wowote kwenye umio, kwa hiyo kamera safi haimaanishi huumwi. Pia haimaanishi una asidi nyingi. Inamaanisha swali bado halijajibiwa.

Kinachojibu swali hilo ni kipimo cha pH na impidansi cha saa 24. Mimi nilipimwa nje ya nchi, India, nilipokwenda kwa matibabu mengine, na kwa kuwa nafundisha fizikia niliwauliza maswali mpaka mtaalamu akavuta kiti akakaa. Naeleza hapa nilivyoelewa, na madaktari mliomo humu mtanisahihisha.

Tuanze na pH, yaani namba ya ukali wa asidi (namba ikishuka, asidi ni kali zaidi), maana hiyo ni ya zamani. Tangu miaka ya 1970 madaktari wamekuwa wakipitisha waya mwembamba puani wenye kihisio cha asidi, kinakaa sentimita 5 juu ya mlango wa chini wa umio, yaani pale umio unapokutana na tumbo. Kila pH inaposhuka chini ya 4, kifaa kinaandika kwamba asidi imepanda. Mwisho wa siku wanapiga hesabu: kati ya muda wote uliopimwa, asilimia ngapi umio ulikuwa chini ya 4?

Kasoro yake ni kwamba kinaona asidi kali peke yake. Ukishakula, chakula kinapunguza ukali wa asidi tumboni kwa muda, kwa hiyo kinachopanda saa hiyo kinaweza kuwa na pH ya 5. Ukiwa unameza omeprazoli, hali ni hiyo karibu muda wote. Tuelewane hapa, kwa sababu watu wengi hawaambiwi: omeprazoli haizibi mlango wa umio. Inapunguza utengenezaji wa asidi. Vitu vinaendelea kupanda kama kawaida, ila vinapanda vikiwa na asidi dhaifu. Kihisio cha pH kitasema hakuna kitu, na wewe koo limejaa.

Sasa impidansi, yaani upinzani wa umeme. Mwaka 1991 Jiri Silny, mtafiti wa Aachen, Ujerumani, alieleza njia ya kupima mwendo wa vitu ndani ya umio kwa umeme. Waya ule ule mwembamba (tuuite mpira), unene wake kama milimita 2, unavishwa pete ndogo za chuma kwa mpangilio. Kati ya pete na pete unapita mkondo mdogo sana wa umeme unaobadilika mwelekeo, mdogo kiasi kwamba hausikii chochote. Kifaa kinapima upinzani wa mkondo huo katika vituo vya sentimita 3, 5, 7, 9, 15 na 17 juu ya mlango wa chini.

Waliosoma fizikia wameshaona ilipo akili yake. Kimiminika chenye chumvi na asidi kinapitisha umeme vizuri, kwa hiyo kikifika kwenye pete upinzani unaporomoka. Hewa haipitishi, kwa hiyo ukibeua upinzani unaruka juu. Kifaa hakijali kilichopanda ni kikali au si kikali. Kinajua kitu kimepita, kinajua ni maji au ni hewa, na kinajua kimefika urefu gani.

Kinajuaje kama umemeza au kimepanda? Kwa mpangilio wa vituo. Fikirieni treni ya TAZARA: ukipata taarifa imepita Makambako, kisha Mbeya, basi inakwenda Tunduma. Ikianza Mbeya ndipo Makambako, inarudi Dar. Upinzani ukiporomoka kuanzia kituo cha juu kwenda chini, umemeza mate. Ukianza chini na kupanda, kwa kushuka angalau nusu ya kiwango chake katika vituo viwili au zaidi vya chini, hicho kimetoka tumboni. Kihisio cha pH kilichomo kwenye mpira huo huo kinasema ukali wake: chini ya 4 ni asidi, 4 mpaka 7 ni asidi dhaifu, juu ya 7 ni alikali dhaifu.

Ndiyo maana vinapimwa pamoja. Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

#2 Dereva wa Tunduma

Mwalimu asante kwa elimu. Mimi niko barabarani, Dar–Tunduma. Kiungulia changu ni cha usiku. Nakula Makambako saa nne usiku, nyama na ugali, nalala kwenye kabini saa tano, saa saba nashtuka koo linawaka kama nimekunywa maji ya betri. Omeprazoli ninazo ndani ya gari, nikisikia moto nameza. Hazinisaidii. Na mimi natakiwa kupimwa hicho kipimo?

#3 Tabibu Nyanda za Juu

Kaka Dereva, naomba nimsaidie mwalimu hapa.

Wewe hujafika kwenye kipimo hicho bado. Omeprazoli si dawa ya kuzima moto uliokwisha kuwaka. Inafunga pampu za asidi zilizo ndani ya seli za tumbo, na pampu hizo zinafungika zikiwa zinafanya kazi, yaani unapokula. Ndiyo maana inamezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo, kila siku, kwa wiki kadhaa mfululizo. Ukiimeza saa saba usiku tumbo likiwa limepumzika, umeipoteza sehemu kubwa. Wagonjwa wengi ninaoletewa kama "dawa imeshindwa" ni watu ambao dawa haikupewa nafasi.

Meza asubuhi kabla ya chai. Chakula cha usiku kula mapema, angalau saa mbili hadi tatu kabla ya kulala, hata kama ni kwa kusimama Mafinga badala ya kusubiri Makambako. Inua upande wa kichwa wa kitanda cha kabini, kiwiliwili chote kipande kidogo. Mto peke yake unakunja tumbo na kuongeza shinikizo. Lalia ubavu wa kushoto. Kama uzito umeongezeka kwa kukaa kwenye usukani, kuupunguza kunasaidia kuliko vyakula vingi unavyoambiwa uache.

Ukifanya hivyo kwa wiki nane na hakuna nafuu, ndipo tuongee kamera, na baada ya kamera ndipo uzi huu wa mwalimu.

Swali langu kwako na ulijibu kwa ukweli: maumivu hayo yanakuja ukipanda ngazi au ukisukuma kitu kizito? Yanakwenda begani au taya? Kama ndiyo, usizungumze kiungulia kabla ya kupimwa moyo.

#4 Dereva wa Tunduma

Hapana dokta, ni usiku nikilala tu. Nikipakia mzigo sisikii kitu. Nimekuelewa, naanza kesho.

#5 Mkulima wa Igurusi

Mimi naona tunazungushana. Wazee wetu walikuwa wanalamba magadi kidogo na kiungulia kinaisha. Mambo ya kupitisha nyaya puani saa 24 ni biashara ya mahospitali. Mtu ana asidi, aondoe asidi, basi.

#6 Mwalimu wa Kihesa

Mzee wangu wa Igurusi, shikamoo. Magadi yanapunguza ukali wa asidi iliyopo kwa muda mfupi, hilo ni kweli na halina ubishi. Lakini umesema jambo ambalo ndilo limenifanya niandike uzi huu: "mtu ana asidi, aondoe asidi." Na kama hana?

Majibu yangu yalionyesha muda wangu wa asidi uko chini ya asilimia 4. Hicho ni kiwango cha mtu mzima mwenye afya, maana kila binadamu hupandwa na vitu kidogo kila siku. Wataalamu wa dunia walipokutana kuweka vigezo, makubaliano yanayojulikana kama ya Lyon, yaliyotoka mwaka 2018 na kuboreshwa baadaye, waliweka mipaka hii: muda wa asidi juu ya asilimia 6, ugonjwa upo, chini ya 4, wa kawaida, katikati, haijaeleweka, tafuta ushahidi mwingine. Idadi ya kupanda kwa saa 24 nayo: chini ya 40 ni kawaida, juu ya 80 si kawaida.

Kwa hiyo mimi sikuwa na asidi nyingi. Niliyokuwa nayo ni umio unaosikia mno. Kitu kidogo chenye asidi dhaifu kikipanda, ambacho mtu mwingine asingekijua, mimi nilikuwa nabonyeza kitufe cha maumivu. Hali hiyo ina jina lake na matibabu yake, na magadi hayamo. Kuongeza omeprazoli mara mbili, mara tatu, nako hakumo. Na zaidi ya yote, kuna watu wa aina yangu waliopelekwa kufanyiwa operesheni ya kukaza mlango wa umio wakati tatizo haliko mlangoni. Hilo ndilo linaloniuma.

#7 Mama Wawili Tukuyu

Mwalimu, hicho kitufe cha maumivu ndiyo nini? Na unakaaje na mpira puani siku nzima, unakula vipi? Mimi kamera tu niliona kama nakufa.

#8 Mwalimu wa Kihesa

Dada yangu, ni nafuu kuliko kamera. Mpira ni mwembamba sana ukilinganisha na ule wa kamera.

Unaenda hujala kwa saa kadhaa, ili usitapike. Wanapaka jeli ya ganzi puani. Kwanza wanapitisha mpira wa kupima nguvu ya misuli, manometri, kwa sababu bila kujua mlango wa chini uko sentimita ngapi kutoka puani hawawezi kuweka kihisio mahali pake. Ukitoka huo, unaingia wa pH na impidansi. Unapewa maji ya kunywa kwa mrija, wanakwambia meza, meza, meza, na kila unapomeza unateremka. Pabaya ni nyuma ya pua, pale unapokata kona kuingia kooni: macho yanatoa machozi na unajisikia kupiga chafya na kutapika kwa wakati mmoja. Ukipita hapo, imekwisha. Wanabandika plasta shavuni, wanauzungusha nyuma ya sikio, na unaunganishwa na kifaa cha kunasa kumbukumbu, kidogo, kinavaliwa mkandani au begani.

Kisha unaondoka. Unatembea, unakula, unalala kwako au hotelini. Koo linakwaruza, na watu wanakuangalia. Huruhusiwi kuoga kwa sababu kifaa hakitakiwi kulowa.

Kifaa kina vitufe. Unapoanza kula unabonyeza cha chakula, ukimaliza unabonyeza tena. Ukilala unabonyeza, ukiamka unabonyeza. Na kila kiungulia kinapokuja, au kikohozi, au maji machungu, unabonyeza cha dalili, na unaandika kwenye karatasi saa na dakika. Hapa ndipo mgonjwa anaposhika kipimo mkononi mwake. Kompyuta inatazama dakika 2 kabla ya kila ulipobonyeza: je, kuna kitu kilipanda? Kama nusu ya dalili zako au zaidi zinafuata kitu kilichopanda, hiyo ni dalili kwamba vinahusiana. Kuna hesabu nyingine ya uwezekano, inatakiwa ivuke asilimia 95, ili kuondoa bahati nasibu, kwa sababu mtu anayepandwa mara nyingi na kubonyeza mara nyingi anaweza kugongana navyo tu. Ukiona uvivu kubonyeza, umejinyima majibu.

Na ule vyakula vyako vya kila siku. Mgonjwa mwenzangu alikula uji mtupu kwa kuogopa, siku nzima hakupata dalili hata moja. Anapimwa nini? Kama ndizi na maharage ndivyo vinavyokuwasha, kula ndizi na maharage. Ila usinywe kinywaji kidogo kidogo mchana kutwa, hasa soda na juisi, maana nazo zina asidi na zinachanganya usomaji. Muda wa kula wenyewe wanautoa kwenye hesabu.

#9 Mama Wawili Tukuyu

Ndaga fijo kaka. Umenitoa hofu. Na dawa unaendelea kumeza?

#10 Tabibu Nyanda za Juu

Hili nalijibu mimi kwa sababu likikosewa kipimo chote kinaharibika.

Inategemea swali ni lipi. Kama hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba una ugonjwa huu, kamera safi au mchubuko mdogo tu, basi unapimwa bila dawa. Omeprazoli na ndugu zake unaacha siku 7 kabla. Dawa za kundi la famotidini, siku 3. Maji au vidonge vya kutuliza asidi, saa 24. Mnakubaliana na daktari wako, usiache mwenyewe.

Siku zile 7 ni ngumu. Tumbo lililozoea dawa kwa muda mrefu, dawa ikikatika linatoa asidi kwa kasi kuliko zamani kwa kipindi fulani. Watu wanasema "unaona, siwezi kuishi bila omeprazoli," kumbe ni mwili unajirudi. Dawa ya kutuliza ya maji inasaidia kusukuma siku hizo.

Kama ugonjwa ulishathibitishwa, kwa mfano kamera iliona michubuko mikubwa au ngozi ya chini ya umio imebadilika, na bado una dalili, basi unapimwa ukiwa kwenye dawa, dozi kamili. Hapo swali ni jingine: dawa imeshindwa kuzuia asidi, au asidi imedhibitiwa na kinachopanda ni asidi dhaifu, au hakipandi kitu na maumivu yanatoka kwingine? pH peke yake hapo haina msaada mkubwa. Impidansi ndiyo inayozungumza.

Niongeze moja ambayo mwalimu hakuigusa na mimi naipenda sana. Usiku wa manane, mgonjwa amelala, hamezi wala hakipandi kitu, upinzani unaosomwa ni wa ngozi yenyewe ya umio. Ngozi nzima ina upinzani mkubwa. Ngozi iliyolowa asidi kwa miezi inalegea, mapengo yanafunguka kati ya seli, umeme unapita kirahisi. Wastani wa usiku ukiwa chini ya omu 1500 (omu ni kizio cha upinzani wa umeme), unaunga mkono ugonjwa. Ukiwa juu ya 2500, unaupinga. Kwa mgonjwa aliyeangukia kwenye ile asilimia 4 hadi 6 isiyoeleweka, namba hiyo inaweza kutoa uamuzi. Na haidanganywi na siku moja nzuri.

#11 Mjukuu wa Mbozi

Mimi tatizo langu ni kubeua. Nabeua kuanzia asubuhi mpaka usiku, kwenye kikao, kanisani, kila mahali, lakini nikilala usingizini naambiwa sibeui kabisa. Nimetibiwa gesi, nimetibiwa vidonda, nimetibiwa minyoo. Kipimo hiki kina lolote kwangu?

#12 Tabibu Nyanda za Juu

Kina kikubwa, na umesema maneno mawili yenye thamani: mchana kutwa, na usingizini hakuna.

Kubeua kuna aina mbili. Moja, hewa inatoka tumboni kupanda juu, hiyo ni ya kila mtu baada ya kula. Ya pili, hewa inavutwa kutoka kooni kuingia kwenye umio na kutolewa papo hapo kabla haijafika tumboni. Mtu hajui kwamba anafanya; ni mazoea ya misuli. Kwenye grafu ya impidansi utofauti unaonekana waziwazi: upinzani unaruka kuanzia juu kwenda chini, hewa ikiingia, halafu unarudi kwa kuanzia chini, ndani ya sekunde. Kamera haiwezi kuona hilo, pH haiwezi kuona hilo.

Na hiyo ya pili haitibiwi kwa dawa ya asidi. Inatibiwa kwa mazoezi ya kupumua kwa tumbo, chini ya mtaalamu wa tiba ya usemi au mazoezi tiba. Wakati wa kusubiri, jaribu: kaa, mkono mmoja kifuani mmoja tumboni, vuta pumzi puani polepole mkono wa tumboni ndio usogee, mdomo ukiwa wazi kidogo. Mdomo ukiwa wazi ni vigumu kuivuta ile hewa.

#13 Binti Rungwe

Shikamooni. Naomba msaada. Baba yangu ana miaka 61, analalamika kiungulia tangu mwaka jana, tunampa dawa ya duka. Sasa ugali unamkwama kifuani, anashushia na maji, na amepungua, suruali zinamvuka. Nimesoma uzi huu nikaona labda ndicho kipimo kinachomfaa. Kinapatikana wapi?

#14 Tabibu Nyanda za Juu

Marahaba binti yangu. Sikiliza vizuri. Baba hahitaji kipimo cha impidansi. Baba anahitaji kamera, na anaihitaji wiki hii.

Chakula kigumu kukwama pamoja na kupungua uzito ni dalili ambazo hatuzisubirishi. Wengine wote mnaosoma, ziwekeni kichwani: chakula kukwama, kutapika damu, choo cheusi kama lami, kupungua bila kupenda, kuishiwa damu. Mwenye moja ya hizo hapewi omeprazoli ya kwenda kujaribu nayo nyumbani.

Nasema kwa mkazo kwa sababu ya mahali tulipo. Saratani ya umio ni tatizo kubwa katika ukanda unaoshuka Afrika Mashariki, Kenya, Tanzania, Malawi, mpaka kusini. Na aina iliyoenea kwetu ni ile ya seli bapa za ngozi ya ndani ya umio, ambayo haitokani na asidi kupanda. Sigara na pombe kali vinachangia, na vinywaji vya moto sana vinashukiwa: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliviweka vinywaji vyenye joto la juu ya nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani. Chai yetu ya Mufindi na Rungwe haina kosa. Iacheni ipoe kidogo kabla ya kunywa.

Sisemi baba ana saratani. Umio unaweza kubana kwa sababu nyingine, mojawapo ikiwa kovu la asidi yenyewe, na hilo linatibika kwa kupanuliwa. Lakini anayejua ni kamera na kinyama kitakachochukuliwa. Kesho asubuhi nendeni hospitali ya wilaya, mwambie daktari maneno haya mawili kwanza kabla ya mengine yote: "chakula kinakwama, na amepungua." Omba rufaa.

#15 Mkulima wa Igurusi

Binti, fanya kama dokta alivyosema. Mdogo wangu tulimchelewesha kwa dawa za mitishamba. Nauli ikiwa ngumu, ongea na ndugu usikae kimya.

#16 Binti Rungwe

Asanteni sana baba zangu. Tunaondoka alfajiri.

#17 Mama Wawili Tukuyu

Mungu awatangulie. Mimi nina swali la mtoto. Wangu mdogo ana miezi minne, kila akinyonya anacheua, nguo zangu zote zinanuka maziwa. Anaongezeka vizuri kwenye kadi. Watoto nao wanapimwa hivi?

#18 Tabibu Nyanda za Juu

Wanapimwa, tena impidansi ina kazi nzuri kwa watoto, kwa sababu maziwa yanapunguza asidi na pH haioni kinachopanda. Lakini ni kwa mtoto mwenye shida: anakohoa bila sababu, pumzi inakatika, haongezeki. Wako anacheua na kadi inapanda, hana ugonjwa. Mpige mgongo abeue, umshike wima kidogo baada ya kunyonya. Wengi huacha kabla ya kutimiza mwaka. Akianza kutapika kwa kuruka, au matapishi ya kijani, au damu, mkimbize hospitali.

#19 Mjukuu wa Mbozi

Kuna jamaa kaniambia ipo ya kapsuli, hakuna mpira puani. Si bora hiyo kwa wote? Na mtu akitaka kupimwa huku kwetu anaanzia wapi?

#20 Mwalimu wa Kihesa

Kapsuli ipo. Inabandikwa kwenye ukuta wa umio wakati wa kamera, inarusha taarifa bila waya kwa kifaa cha mkandani, saa 48 mpaka 96, kisha inadondoka yenyewe na kutoka kwa choo. Kwa kuthibitisha kama una asidi nyingi ni nzuri sana, pengine bora, kwa sababu siku nne zinasema kweli kuliko siku moja na mtu anaishi maisha yake bila aibu. Lakini inapima pH tu. Haina pete. Haioni asidi dhaifu, haioni hewa. Kwa tatizo lako la kubeua haitakusaidia kitu.

Kuhusu pa kuanzia: kila mwenye kiungulia asikimbilie kipimo hiki. Kinamfaa ambaye amemeza dawa sawasawa na haikusaidia, kamera imepita, na daktari anafikiria ama kumwongezea dawa kwa miaka ama kumpeleka upasuaji. Operesheni ya kukaza mlango isifanyike bila ushahidi wa kipimo au wa kamera. Kataeni kwa heshima mpaka muone ushahidi.

Ngazi ni zile zile za rufaa: wilaya, mkoa, kanda, taifa. Mkifika kwa daktari wa mfumo wa chakula, taja jina la kipimo, "pH na impidansi ya saa 24", kisha uliza mambo matatu kabla hujalipa nauli. Kifaa chao kina impidansi au ni pH peke yake? Wana manometri ya kutafuta mlango wa umio? Na nani anasoma grafu? Hili la tatu msilione dogo. Kompyuta inatia alama yenyewe, lakini inahesabu kupita kiasi, kumeza mate kunaweza kuhesabiwa kama kupanda, kwa hiyo lazima mtu aliyefunzwa aipitie grafu kwa macho, dakika kwa dakika. Niliyemwona akiisoma yangu alikuwa anafuta alama za kompyuta moja baada ya nyingine, na kwa kila aliyofuta alinionyesha kwa kalamu ni wapi mstari ulianzia juu badala ya chini.

Majibu ukipewa, yaombe na kurasa za grafu, usichukue karatasi ya mwisho peke yake. Daktari wa pili atazihitaji.